Kapteni Kovu na Sufuria Yangu

4 Februari

Mjukuu wangu,

Huku tupo. Shangazi yako goti limevimba tena ila mdomo mzima, asubuhi yote alikuwa anagombana na bomba la uani kwa sababu linatoa upepo badala ya maji. Paa la chumba cha mbele limezibwa. Mimi sijambo, macho tu ndiyo yameanza kuchagua cha kuona na cha kuacha. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Shangazi yako alitaka nimtajie yeye aandike, nikakataa. Mara ya mwisho nilimtajia barua ya kumkaripia fundi wa paa, na fundi alipoipata akaja na sukari kunishukuru.

Simu usipige. Ukipiga na mimi nikianza kusema, mtandao unakuwa mbaya. Karatasi haina mtandao.

Umeona sijakuita mume wangu. Tangu unatambaa nakuita mume wangu, na mtaa mzima unajua babu yako alipofariki ni wewe niliyebaki naye. Leo nimejipa talaka. Sababu ni hii.

Nilikuwa napita kwa kinyozi kumwambia apunguze redio yake, nikakuta kabandika likaratasi kubwa kwenye kioo. Akaniambia, "Mama, hongera, mjukuu wako anatoa sinema. Ya mapigano. Askari wa kukodi, wale mamluki." Nikavaa miwani. Nikaona mwanamume ana kovu limekata nyusi ya kushoto, kijiti cha meno pembeni mwa mdomo, kitambaa chekundu shingoni, bunduki begani kaibeba kama jembe. Nyuma yake moto. Chini mmeandika: KAPTENI KOVU. HANA HURUMA, HANA KWAO.

Mwenye kovu hilo nimemzaa mimi. Na kovu lenyewe halikutoka vitani, lilitoka jikoni kwangu. Alijikwaa kwenye kizingiti akiwa mtoto, anakimbilia mkate. Kitambaa nilimfunga mimi asubuhi anaondoka, nilikichana kwenye mtandio wangu kwa sababu alikuwa anakohoa. Kijiti ni tabia mbaya aliyoirithi kwa babu yako. Kwa hiyo usiniambie ni mtu wa kubuni. Umemchukua baba yako kuanzia kichwani mpaka shingoni ukaandika hana kwao, na wakati huo huo amelala chumba cha nyuma, nyumbani kwangu, juu ya godoro nililomnunulia.

Unajua alivyorudi mwaka jana kutoka kwenye vita vya watu wengine. Alikaa anatazama ukuta mpaka nikawaza kuupaka rangi apate kitu cha kutazama. Sasa anatoka. Anatengeneza viti vya majirani. Anakwenda kunyolewa. Mwezi uliopita alicheka, shangazi yako alipoteleza na beseni la nguo. Akiliona hilo likaratasi ataondoka, na akiondoka safari hii mimi sina umri wa kumsubiri tena.

Nimelibandua, liko kabatini kwangu. Kinyozi amenuna. Wewe toa kovu, toa kijiti, toa kitambaa. Sura ziko nyingi duniani. Ukikosa kabisa, tumia ya kwako.

Bibi yako, aliyekuwa mkeo


2 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimefurahi paa limezibwa. Mpe shangazi pole ya goti. Mimi mzima. Chumba changu kimepakana na karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo shuka, kikombe na mimi mwenyewe sote tunanuka chuma, lakini nimezoea.

Hukuniuliza habari za kazi, nakueleza hivyo hivyo. Tunapiga picha kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje ya mji. Machimbo hayo ndiyo jangwa, ndiyo mpaka wa nchi, na tukitundika wavu ndiyo gereza. Bunduki kachonga seremala. Watu ni wachache, adui akifa asubuhi, mchana namvisha kofia anakuwa rafiki. Kapteni ni muuza magodoro, tunamwita Chuma. Ana mabega, kumbukumbu hana. Najua unacheka. Hii ni filamu yangu ya kwanza, na katika ukoo mzima hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo asitokee mtu sasa hivi kunishika shati.

Kovu siwezi kulitoa. Nusu ya filamu imeshapigwa, na analo. Nikilitoa sasa watazamaji watauliza lilipona lini. Kazi hii iko hivyo, kitu kikishaonekana mwanzo unakwenda nacho mpaka mwisho.

Na hata ningeweza nisingelitoa. Wewe ndiye uliyeniambia baba ni mpishi. Kila nilipouliza, mpishi. Baba yuko wapi? Anapika. Mbona haji? Wageni ni wengi. Nikaenda shuleni nikajisifu, baba yangu mpishi mkubwa ng'ambo, nikawatajia na vyakula ambavyo sijawahi kuviona. Halafu likaja lile gazeti. Mwalimu alilileta darasani, lina picha ya askari wa kukodi wamejipanga kando ya ukuta, na pembeni kabisa amesimama yeye. Kitambaa, kijiti, bunduki. Unajua nilifanya nini, bibi? Nilisimama juu ya dawati nikapiga kelele, "Huyo baba yangu." Kisha ndipo mwalimu akasoma maandishi ya chini, walichowafanyia watu kwenye ule ukuta. Kuanzia siku hiyo jina langu likafa. Niliitwa mtoto wa mamluki mpaka namaliza shule.

Wewe hukuitwa chochote. Uliendelea kunipakulia chakula na kuniambia kula, baba yako anapika.

Jina lake sijalitaja popote. Kama hana la kuogopa, kwa nini amwogope muuza magodoro?

Mjukuu wako, ambaye hakupokea talaka yoyote


19 Machi

Shikamoo yako nimeipata, marahaba, na upole umeishia hapo.

Bomba limetengenezwa, sasa linatoa maji na upepo pamoja. Shangazi anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Nilikuambia ni mpishi kwa sababu alikuwa mpishi. Walimchukua kupika. Hata hao wanaokodisha bunduki zao wana matumbo. Unaniletea habari za gazeti. Uliona sufuria kwenye ile picha? Hukuiona. Mpiga picha gani atoke kwao, apande ndege, avuke mipaka, aje kupiga picha sufuria. Anakusanya watu, anawaambia simameni hapa, na mpishi naye anaitwa kutoka kwenye moshi anashikishwa bunduki asimame pembeni wawe wengi. Ndiyo hiyo uliyoipandia dawati.

Utasema nimejuaje. Alisema mwenyewe siku aliyorudi, kabla hajanyamaza. Pale ukutani palipita nini, sijamwuliza. Na wewe hujamwuliza. Umekuja hapa mara mbili tangu arudi, ukakaa sebuleni na kofia kichwani kama mtu aliyetumwa kusoma mita ya umeme, ukaniuliza habari za paa. Yeye alikuwa nyuma ya pazia la ukumbini anangoja umwite. Mimi nilikuwa naiona miguu yake pale chini, imevaa viatu vya kutokea. Ukanywa chai ukaondoka. Miguu ikakaa pale pale mpaka nikaiambia irudi chumbani.

Kutunga maneno ya kumtia muuza magodoro mdomoni unajua. Neno moja la kumwambia baba yako huna.

Sasa nikuulize la sinema, maana mimi shule niliiacha mapema. Hao askari wako wanakula nini? Tangu juzi nalitazama lile likaratasi. Naona moto mkubwa, na hakuna kilichotelekwa juu yake.

Makaratasi yako yameongezeka. La dukani nimelibandua. La posta limenishinda, gundi yao nzuri. Karani alinikuta nakwangua kwa kijiko akaniuliza, "Bibi, kuna tatizo?" Nikamwambia tatizo hili hapa ukutani, niletee maji ya moto. Hakuleta.

Toa kovu.

Bibi yako


11 Aprili

Hujajibu, na mimi siandiki kwa sababu nina hamu na wewe.

Goti la shangazi yako naona limepona, maana mtaa mzima kaumaliza kwa miguu akimtafuta baba yako.

Kinyozi alipata likaratasi jipya. Safari hii kalibandika ndani kabisa, ukuta wa nyuma ya kiti, ambako mimi nikipita sioni. Baba yako akakaa kunyolewa, akaliona kwenye kioo. Kinyozi anasema alilitazama kwa utulivu, akauliza nani kalitengeneza. Yule mtu mdomo wake hauna mlango. Akamwambia, "Si mwanao huyo, hukujua?" Baba yako akasimama. Kafika nyumbani nywele zimenyolewa upande mmoja, upande wa pili bado, na shuka la kinyozi liko shingoni. Nikamwuliza, "Mbona hivyo?" Akasema, "Wamemaliza."

Asubuhi kitanda kimetandikwa. Shuka la kinyozi limekunjwa juu ya mto. Yeye hayupo, na sufuria yangu kubwa haipo.

Sufuria ile, iliyokatika kishikio kimoja, nimepikia harusi ya shangazi yako na msiba wa babu yako. Wewe mwenyewe nimekuogeshea ndani yake, ulipokuwa bado unaenea. Haipatikani tena. Siku hizi wanauza masufuria mepesi kama hayo makaratasi yako, ukipuliza yanaruka.

Nilikuandikia kwamba akiliona ataondoka. Niliandika kwa kalamu nyeusi, mwandiko mkubwa, huwezi kusema hukusoma. Ukanijibu kuhusu watazamaji watauliza nini. Mimi ndiye ninayeuliza. Yuko wapi? Uliandika hana kwao, na sasa imekuwa.

Akitokea huko usimwambie namtafuta. Mwambie nataka sufuria yangu.

Bibi yako


30 Mei

Bibi, shikamoo.

Najua nimechelewa, usianze na hilo. Mimi mzima. Karakana ya jirani imefungwa, fundi kahama, na sasa kimya kinaniamsha.

Sufuria iko hapa. Na yeye yupo.

Alifika machimboni kaifunga mgongoni kwa kamba. Nilikuwa nimesimama juu ya jiwe na kipaza sauti, nikamwona tangu anateremka njia ya malori, nywele ndefu upande mmoja. Nilidhani amekuja kuvunja kamera. Nikajiandaa, nilikuwa na maneno niliyoyatunza tangu siku ile ya dawati. Hakuja kwangu. Alikwenda pale tunapopikia, ambapo mtu wa taa alikuwa anaunguza maharage. Akakoroga, akaonja, akayamwaga yote. Akateleka sufuria yako akaanza upya.

Tangu siku hiyo anapika. Watu wanamwita Mzee Sufuria. Hakuna anayejua ni nani wangu, na mimi namwita mzee kama wengine. Nikipanga foleni ananipakulia sawa na wengine, kijiko hakizidi hakipungui. Chuma akaniambia, "Mwongozaji, hivi huyu mzee na mimi hatufanani nyusi?" Nikamwambia arudi kwenye nafasi yake.

Nitakueleza jambo moja, na ukishalisoma usiniulize.

Tulikuwa tunapiga picha ya ukuta. Ndiyo, ule wa gazeti, niliujenga upya kwa mabati na udongo. Mateka wamejipanga. Kapteni Kovu anainua mkono, akiushusha bunduki zinalia. Kila mateka ana kifuko cha maji ya sukari yenye rangi nyekundu chini ya shati, kimefungwa uzi, mtu kajificha nyuma ya ukuta anavuta, kinapasuka. Vifuko vilikuwa vya mara moja tu. Mashati hivyo hivyo. Na jua lilikuwa linatuacha. Nikawatangazia wote: hakuna kurudia, atakayekosea ndiye kaniua mimi.

Kamera ikaanza. Chuma akainua mkono. Hapo akaingia baba na ndoo na kikombe.

Alitembea taratibu, akapita mbele ya bunduki, akaenda kwa mateka wa kwanza akamnywesha. Wale walikuwa juani tangu asubuhi, mikono imefungwa kweli, na wakanywa kweli. Akaenda kwa wa pili. Chuma husahau kila ninachomwambia, siku hiyo alikumbuka kimoja tu, kwamba mtu asikosee. Akabaki kauinua mkono, unamtetemeka. Mtu wa sauti akaninong'oneza, "Sema kata." Sikusema. Baba akafika kwa wa mwisho, akamnywesha, akamfuta kidevu kwa kiganja, akachukua ndoo yake akatoka. Ndipo mkono ukashuka.

Baadaye mtu wa kamera alimfokea. "Mzee, hukuona tunapiga picha?" Akamjibu, "Hawajanywa hao." Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikwenda kukunja nyaya.

Siwezi kurudia, vifuko vimekwisha. Kwa hiyo yumo.

Nimeshasema usiniulize.

Mjukuu wako


14 Juni

Siku zote hizo yuko kwako, anakupakulia, na hukuniandikia hata mstari. Mimi hapa kila gari likisimama nachungulia dirishani kama mwizi anayeivizia nyumba yake mwenyewe. Kwa ajili ya sufuria.

Sisi salama. Salamu leo zimekuja nyuma, zivumilie.

Mzee. Unamwita mzee. Mtu anakutilia chakula kwenye sahani na wewe unamwita kama mpita njia unayemwomba akupishe. Halafu umemtia kwenye sinema bila kumwuliza, kama ulivyomtia kwenye likaratasi bila kumwuliza. Kwanza ulimchukua kovu, sasa umemchukua mzima.

Umesema nisikuulize kwa nini hukusema hilo neno lako la kukata. Sikuulizi. Mimi nimekuogeshea ndani ya hiyo sufuria, sina haja ya kukuuliza vitu.

Lakini usijidanganye kwamba yameisha. Nasikia mtaileta kwenye ukumbi wa huku, ule wa karibu na soko. Nakuapia nitakuja, nitakaa mstari wa mbele, na likitokea lile neno la hana kwao nitakwenda kuizima mashine kwa mkono wangu. Shangazi yako atanishikia mkoba. Anasema hatanishikia. Atanishikia.

Mwambie arudi. Usiseme ni mimi niliyesema.

Bibi yako


2 Agosti

Bibi, shikamoo, na shangazi pia.

Tumemaliza. Siku ya mwisho aliisugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaifunika juu ya jiwe. Tulipokuwa tunapakia vyombo nikaona hayupo. Hakuaga. Kama amefika kwenu, mniandikie. Sufuria ameiacha. Iko chumbani kwangu, imechukua meza yote, nakula kitandani.

Nilimfikishia ujumbe wako. Yaani nilisema mbele ya watu wote wakati wa kula, "Kuna watu wanasubiriwa kwao." Kila mtu akadhani nasema na mtu wa taa.

Filamu itaonyeshwa huko mwezi ujao. Kovu lipo, nilikwambia siwezi. Lile neno la chini nimelifuta, kwenye filamu na kwenye makaratasi mapya. Kama bado unataka kuizima mashine, kitufe kiko upande wa kulia.

Sitakuja. Nina kazi.

Mjukuu wako


21 Septemba

Mjukuu wangu,

Habari za nyumbani kwanza, usije ukasema nimesahau adabu. Shangazi yako mzima. Bomba limekufa kabisa, tunachota kwa jirani. Baba yako alirudi tangu mwisho wa Julai, kinyozi kammalizia ule upande na hakuthubutu kumtoza kitu. Ulisema tukuandikie akifika. Sikuandika. Nilitaka na wewe uchungulie dirishani kidogo.

Nimeiona sinema yako. Ni mbaya.

Chuma anazungumza kama anasoma bei ya godoro. Mmoja mwenye mwanya nimemwona anakufa jangwani, akafa tena gerezani, na mwishoni yuko kwenye mazishi analia. Maiti mmoja alijikuna. Bunduki ilianguka kwenye mawe ikalia kama mwiko. Na uliniandikia kovu haliwezi kutoka kwa sababu watu watauliza. Kwa macho yangu haya, mwanzo lilikuwa juu ya jicho la kushoto, kwenye mapigano ya pili limehamia la kulia, na ukumbi mzima hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo ungeweza kulitoa. Hukutaka.

Nilikaa mstari wa mbele kama nilivyoapa. Baba yako alikataa kuja, alisema ana kiti cha kumalizia. Nilikwenda na shangazi yako, mkoba kashika. Picha zilipokuwa zinaendelea nikageuka kutazama watu wanafurahia nini, nikamwona baba yako amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Ikafika ile ya ukuta. Watu wanapiga miluzi, wanamwambia Chuma ashushe mkono waone. Akaingia mwanangu na ndoo. Wakacheka. Mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu mzee kapotea, mtoeni." Nikageuka nikamwambia, "Njoo umtoe wewe." Halafu kicheko kikapungua chenyewe. Nadhani ni ule mkono wa Chuma, ulivyokuwa unatetemeka, mtu ukautazama huwezi kucheka. Alipofika kwa wa mwisho na kumfuta kidevu, niliisikia mashine inazunguka. Nikasema, "Huyo ni mpishi." Sikunong'ona. Shangazi yako akanivuta nguo. Nikarudia, maana wa mistari ya nyuma huenda hawakusikia.

Bunduki zikalia. Nilipogeuka tena, mlangoni hapana mtu.

Tulimkuta nje amekaa kwenye ngazi, kijiti hana. Tukatembea watatu. Tulipofika kona ya posta, pale kwenye ukuta niliokwangua, baba yako akasema bila kuulizwa, "Mama, kule ukutani walinikataza."

Nikamwambia, "Walikukataza nini?"

"Maji. Nilikuwa nimeshachota. Walinikataza."

Tukaenda nyumbani tukala.

Sasa nije kwako, na usifikiri nimelainika. Umemtundika mwanangu kwenye vioo vya vinyozi. Umenifanya nikwangue kuta kwa kijiko mbele ya makarani. Na mpaka leo, kwenye karatasi unaandika baba, ana kwa ana unasema mzee, tena kupitia kwa mtu wa taa. Sijakusamehe. Lile likaratasi la kwanza bado liko kabatini, na siku utakayokuja nitalikunjua mbele yako.

Juzi baba yako aliingia jikoni akafungua kabati la vyombo, akatazama, akafunga. Akaniuliza, "Hajaileta?" Nikasema nani, nini. Akasema, "Sufuria." Akatoka uani. Miezi yote hii mimi namlaumu moyoni kwa kuisahau, na kumbe hakuisahau. Aliisugua akaiacha juu ya jiwe mahali ambapo huwezi kupita bila kuiona.

Usiitume kwa basi. Usimpe dereva, usimpe mtu anayekuja huku, usiniambie una kazi. Ifunge mgongoni kama alivyoifunga yeye, uje nayo, uiweke mikononi mwake si mwangu. Kofia uivulie mlangoni. Cha kumwambia sikuandikii. Wewe ndiye mtunzi.

Mkeo, mwenye hasira zake